Mama mwenye nyumba kanisoma gazetini

Najua nimeadimika, na baadhi yenu mmeshaanza kunitumia meseji mkiuliza kama nimeoa kimyakimya. Sijaoa. Nilikuwa nasuluhishana na mama mwenye nyumba wangu, na kisa chenyewe ni hiki.

Mwezi uliopita niliandika habari gazetini kuhusu kodi za nyumba hapa Dar. Ilikaa vizuri tu: ukurasa wa ndani lakini kichwa kikubwa, picha ya mabati ya uswahilini imechukua nusu ukurasa, na jina langu juu kabisa. Nilizungumza na wapangaji watano, dalali mmoja na mjumbe mmoja wa serikali ya mtaa. Wote walisema nilichotaka waseme. Kwamba wenye nyumba wana tamaa, wanapandisha kodi wanavyojisikia, wanadai miezi sita kwa mkupuo kama vile sisi tunalipwa mshahara wa miezi sita kwa mkupuo, na kwamba Serikali iingilie kati ipange bei ya vyumba kama inavyopanga bei ya mafuta. Mhariri akafurahi. Mimi nikafurahi zaidi, nikanunua nakala mbili.

Jumapili yake asubuhi nikasikia hodi. Nafungua mlango, mama mwenye nyumba huyu hapa, mkononi ana kipande cha gazeti chenye mafuta ya maandazi. Mjukuu wake alitumwa dukani, akafungiwa maandazi kwenye ukurasa wangu, akaliona jina langu, akamsomea bibi yake yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hapa umesema wenye nyumba wana tamaa. Mimi si mwenye nyumba? Mbona hukuja kuniuliza? Tunalala ukuta mmoja."

Jamani, nilikosa pa kuficha uso. Pale Mlimani, mwaka wa kwanza kabisa, somo la kwanza la uandishi tuliambiwa kusikiliza upande wa pili. Mimi upande wa pili ulikuwa unaanika nguo mita tatu kutoka dirisha langu na sikuuliza swali hata moja. Na nikiri jambo jingine ambalo mhariri wangu halijui: wiki moja kabla ya habari ile, mama huyuhuyu alikuwa ameniambia kwamba mkataba wangu ukiisha, kodi ya chumba na sebule inatoka 120,000 kwenda 150,000. Kwa hiyo niliandika nikiwa na jeraha bichi. Habari yote ilikuwa ni ugomvi wangu binafsi niliouvalisha suti.

Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Aliniambia nikimaliza chai nipite kwake, ana kitu anataka kunionyesha. Nikaenda. Akatoa daftari, yale ya kurasa 96 yenye jalada gumu, ambamo ameandika kila shilingi ya nyumba hii tangu mumewe afariki. Mwandiko wa kwake mwenyewe, mistari imepinda, lakini hesabu imenyooka kuliko za wahasibu wengi ninaowaandika.

Nyumba ina chumba na sebule kimoja (mimi), vyumba vinne vya uani vya 60,000 kila kimoja, na fremu ya duka mbele ya 100,000. Jumla 460,000 kwa mwezi, ambayo ni 5,520,000 kwa mwaka kama kila mtu analipa na kila chumba kina mtu. Nikasema moyoni, hela hiyo nzuri. Akafunua ukurasa wa upande wa pili. Gari la majitaka lilikuja mara tatu kwa mwaka, 130,000 kila safari, 390,000. Mabati ya upande wa uani, mbao na fundi, 600,000. Chumba kimoja kilikaa wazi miezi mitatu, 180,000 hazikuingia. Kijana mmoja, namkumbuka, alikuwa na subwoofer kubwa kuliko godoro lake, alihama usiku akiwa na deni la miezi minne, 240,000. Na kodi ya jengo kwenye LUKU, 18,000 kwa mwaka. Toa yote hayo, inabaki 4,092,000. Gawa kwa kumi na mbili ni 341,000 kwa mwezi, na kwenye hizo anakula yeye na wajukuu watatu, wanavaa sare za shule, na dawa zake za presha zimo humohumo.

Mimi, mwandishi mdogo ninayelalamika kila tarehe 20 kwamba mfuko umetoboka, nina kipato kizidi cha huyu niliyemwita mwenye tamaa.

Sasa msinielewe vibaya. Najua wapo wenye nyumba Masaki na Mikocheni wanaodai kodi kwa dola na hawajawahi kuiona hiyo nyumba yenyewe, wanatuma wakala. Hao sina huruma nao ya kugawa. Lakini hebu tembea Tabata, Mbagala, Manzese, Kimara, Gongo la Mboto, uulize nani kajenga hivi vyumba tunavyoishi. Ni mwalimu mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake kwenye matofali. Ni mama ntilie aliyejenga msingi mwaka mmoja, akapumzika miaka mitatu, akanyanyua ukuta, akapumzika tena. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Hawa hawalali kwenye maghorofa ya Shirika la Nyumba. Wengi wetu tunalala kwenye vyumba vilivyojengwa na watu wa aina ya mama mwenye nyumba wangu, bila mkopo wa benki, tofali moja moja.

Baada ya ile Jumapili nilifanya kazi niliyotakiwa kuifanya mwanzo. Kwa siku kumi, kila nikitoka ofisini, nilitafuta mwenye nyumba mmoja nikamsikiliza. Nilitegemea watapinga sheria ya aina yoyote. Haikuwa hivyo. Wengi wao hofu yao ni moja, nayo si bei elekezi. Hofu yao ni mpangaji ambaye hatoki.

Mzee mmoja wa Ubungo, mstaafu wa reli, ana mpangaji ambaye ana miezi minane hajalipa. Alipokwenda serikali ya mtaa, wakaandikishana, mpangaji akaahidi, mwezi ukapita. Akaenda Baraza la Kata. Hapo nawakumbusha wasiojua: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena uwezo wa kuamua mgogoro wa ardhi na nyumba, kazi yake ni kusuluhisha tu, na ikishindikana ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee akaenda huko. Kesi ikapangwa, ikaahirishwa, ikapangwa tena. Nauli yake, karatasi za kuchapisha, mtu wa kumwandikia maombi, vyote mfukoni mwake. Na huku nyumbani mpangaji anamsalimia kila asubuhi, "Shikamoo baba", anaoga maji ya baba, anakwenda zake kazini.

"Kung'oa mlango ninaweza," aliniambia. "Wenzangu wanang'oa. Lakini mimi ni mtu mzima, nitang'oaje mlango mtu analala ndani?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini wanadai miezi sita. Sisi wapangaji tunaiona miezi sita kama uroho mtupu. Kwa mwenye nyumba, kwanza ni bima. Ukimlipa miezi sita mbele, ana miezi sita ambayo hahitaji baraza lolote. Pili, na hili sikuwahi kulifikiria kabla, ile fedha ya mkupuo ndiyo benki yake. Mama mwenye nyumba wangu hawezi kukopesheka. Nyumba yake haina hati. Ile 600,000 ya mabati ilitoka kwenye kodi zetu za miezi sita zilizoingia kwa pamoja. Angekuwa anapokea mwezi mwezi, 60,000 ya leo ingeliwa leo, na mvua za Machi zingetukuta na ndoo katikati ya kitanda.

Kwa hiyo tunaposema sheria ipige marufuku miezi sita, na mimi nilisema hivyo gazetini kwa herufi nzito, tuwe tayari kujibu swali la pili: mabati atanunua na nini?

Kuna mzee wetu pale chumba cha habari, mwandishi tangu enzi za mashine za taipu, aliisoma habari yangu akacheka hadi akakohoa. Akaniuliza kama najua kwamba hicho ninachokipigia kelele tuliwahi kuwa nacho. Sikujua. Nikaenda kuchimba.

Nchi hii imekuwa na udhibiti wa kodi za nyumba tangu enzi za mkoloni, na baada ya Uhuru tukaendelea nao. Mwaka 1984 Bunge lilitunga sheria mpya ya kudhibiti kodi za nyumba, ikiwa na mabaraza yake ya kupanga kodi halali na kuzuia mpangaji kutolewa hivihivi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mambo ya upangaji yanaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na makubaliano ya wawili. Kwa maneno mengine, mimi nilikuwa naomba kwa bidii kitu ambacho wazazi wangu walikuwa nacho, wakakitumia, na mwisho wakakiacha.

Kwa nini kiliachwa? Mzee wa chumba cha habari alinipa neno moja: kilemba. Zamani ukitaka nyumba ya Msajili au ya Shirika, kodi iliyoandikwa ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Lakini huipati. Aliyemo ndani hatoki, na akitoka anakuuzia nafasi, unampa kilemba, fedha nzito isiyo na risiti, ndipo anakuachia ufunguo. Wengine hawakuhama kabisa. Walipangisha kwa bei ya mtaani nyumba ambayo wao waliilipia bei ya Serikali, wakaweka tofauti mfukoni. Yaani bei ilikuwa palepale sokoni, ila haikumfikia mwenye jengo. Na jengo lisilopata fedha linakuwaje? Mnayajua yale majengo ya katikati ya mji ambayo rangi yake ya mwisho ilipakwa kabla sijazaliwa.

Ipo pia hofu ya zamani zaidi, ambayo vijana tunaichukulia kama hadithi. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mama mwenye nyumba wangu hana jengo Upanga wala Kariakoo na hakunyang'anywa kitu. Lakini baba yake alikuwa mpishi kwenye nyumba mojawapo iliyochukuliwa, na anachokumbuka ni kwamba mtu aliamka asubuhi akiwa na nyumba na jioni akawa hana. Ukimtajia neno "udhibiti" uso wake unabadilika. Unaweza kusema anachanganya mambo, na ni kweli anachanganya. Lakini ukitaka sheria ambayo watu kama yeye wataitii badala ya kuikwepa, lazima uanze na huo uso.

Majirani zetu Kenya nao wana somo. Sheria yao ya kudhibiti kodi ilitungwa mwaka 1959, na inawalinda wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Kiwango hicho kilikaa humo kwa miongo bila kuguswa. Niambie ni chumba gani cha maana Nairobi utakipata kwa 2,500. Namba ikiandikwa kwenye sheria inaganda, bei ya saruji haigandi.

Basi nimegeuka kuwa wakili wa wenye nyumba? Hapana, na mama nilimwambia hivyohivyo mbele ya daftari lake.

Kuna mambo ambayo hata daftari halitetei. Kupandisha kodi kwa kumwambia mtu tarehe 28 kwamba tarehe 1 bei ni nyingine, hilo ni kumtia mtu kitanzi. Kudai mwaka mzima kwa kijana aliyeajiriwa miezi miwili iliyopita, unamtuma akakope kwa wale wa riba za kausha damu. Umeme nao: mita moja ya LUKU watu sita, mwenye friji na asiye na friji wanachanga sawa, na ile kodi ya jengo inayokatwa humo tangu Agosti 2021 tunailipa sisi. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Serikali ilisema mwenye jengo ndiye mlipaji na mpangaji adai fedha yake. Nendeni mkamdai mwenye nyumba wenu 1,500, halafu mje mnisimulie. (Kwangu sisi wote tunachanga LUKU, na kwenye daftari la mama ile 18,000 imeandikwa kama gharama yake. Nilimwonyesha. Alitazama muda mrefu, akasema, "Hapo kweli." Akaikata kwa kalamu.)

Halafu dalali. Huyu ndiye mtu ambaye mwenye nyumba na mpangaji wote wanamlaani, na ndiye asiyeguswa na mtu. Anakuonyesha vyumba vitatu vibovu kwanza ili cha nne ukione pepo, anachukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya saa mbili, na mara nyingine yeye ndiye anayemshawishi mwenye nyumba kwamba bei ya mtaa imepanda. Dalali wa habari yangu, yule niliyemnukuu kama mtaalamu wa soko, nimekuja kugundua ndiye aliyemwambia mama wangu kwamba chumba na sebule sasa hivi ni 150,000. Nilimnukuu mtu aliyenipandishia kodi!

Kwa miaka kadhaa sasa Wizara ya Ardhi imekuwa ikizungumzia sheria ya kusimamia sekta ya milki. Ikija, mimi ningependa ianzie kwa dalali, aandikishwe, ajulikane, na ada yake ijulikane. Ningependa kila upangaji uwe na karatasi, hata ukurasa mmoja, na risiti. Bei wakubaliane wenyewe, lakini isipande katikati ya mkataba, na taarifa ya kupanda itolewe miezi mitatu kabla, siyo siku tatu. Miezi ya kulipa mbele iwekewe ukomo, na kwa maoni yangu mitatu inatosha, lakini hilo lifuatane na jingine bila kuachana nalo hata siku moja: baraza la haraka. Shauri la kodi lisizidi, tuseme, siku 60, kwa ada ambayo mstaafu wa reli anaimudu. Mpangaji asiyelipa atoke kwa amri, na mwenye nyumba anayeng'oa milango na mabati alipe faini ya kumuuma. Ukimwondolea mwenye nyumba miezi sita bila kumpa baraza, umemwondolea bima na hujampa kitu. Atafanya nini? Atachagua wapangaji. Ataanza kukataa wenye watoto, mabachela, wasio na ajira rasmi, wanafunzi. Tayari wapo wanaofanya hivyo. Sheria ya namna hiyo itamlinda aliyeko ndani na kumfungia mlango anayetafuta, na anayetafuta ni mimi na wewe.

Najua kuna wadau watakaoniambia nimelainishwa na chai ya mama mwenye nyumba. Inawezekana. Ilikuwa na tangawizi. Na najua wengine wanalipa 400,000 Sinza kwa chumba ambacho choo chake kinapitisha harufu, hawataki kusikia habari za daftari. Hoja yenu naiheshimu, tena ningependa kujua kama mwenye nyumba wenu ana vyumba sita au nyumba sita, maana nadhani sheria moja haiwezi kuwapima wote kwa kijiko kimoja. Mwenye jengo la ghorofa nane mtoze, mkague, mdai vitabu vya hesabu. Huyu wa uani mpe fomu ya ukurasa mmoja na namba ya simu ya baraza.

Habari ya pili nimeiandika, yenye wenye nyumba ndani. Mhariri ameisoma, akasema ni nzuri ila haina "moto", akaiweka. Ina wiki mbili iko kwake. Ikitoka mtaiona, isipotoka mmeshaisoma hapa.

Mkataba wangu uliisha juzi. Nilikwenda kwa mama na bahasha. Yeye alitaka 150,000 kwa miezi sita, mimi nilikuwa na 120,000 na miezi mitatu. Tulikaa kama saa nzima, mjukuu akiwa anatusikiliza kwa makini kuliko anavyomsikiliza mwalimu. Tukafika 135,000, miezi minne, na bei haigusi hadi mwakani. Nikahesabu 540,000 mezani. Nikaomba risiti. Akacheka, akasema tangu wajenge hajawahi kumpa mtu risiti wala mtu hajawahi kuomba. Nikachana karatasi kwenye daftari langu la kazini, nikaandika jina lake, langu, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na chini kabisa nikaongeza kwamba kodi ya jengo ya LUKU ni ya mwenye nyumba. Akavaa miwani, akaisoma yote, ule mstari wa mwisho akausoma mara mbili. Akasaini.